Jino la Mbele na Tarumbeta Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Umerudi! Huna hata aibu. Daftari limelala chini ya mashuka tangu kabla ya mvua, linanuka sabuni, na wewe unapita hapo kila siku kama hulijui. Nani alikuambia daftari linajiandika lenyewe? Nakusema wewe mwenyewe, bibi kizee unayesoma hapa. Hakuna mwingine anayesoma humu, na akithubutu nitamkata vidole.

Umerudi kwa sababu unaogopa. Ukiwa na raha huji. Haya, sema.

Jino linacheza.

La mbele, la juu, upande wa kushoto. Asubuhi nimelisukuma kwa ulimi, likaenda, likarudi. Kama mlango wa choo cha stendi. Kwa mtu mwingine hilo ni jino tu, atakula vilaini na maisha yataendelea. Mimi napiga tarumbeta! Kile kikombe cha kupulizia kinaegemea mdomo, na mdomo unaegemea meno. Meno yakiondoka, mdomo utaegemea nini? Upepo?

Na siku ya kurekodi ni tarehe kumi na sita. Rekodi ya kwanza maishani mwangu. Nimepiga jazi tangu sina mvi hata moja, kwenye kumbi, kwenye harusi, mahotelini, hata msibani niliwahi kupiga, na sauti yangu haijawahi kukamatwa popote. Kila nilichopuliza kimeyeyuka pale pale. Nikifa leo nimeondoka nayo. Sasa amepatikana fundi mitambo mwenye studio yake, anatutaka, ametusikia kwa masikio yake — na jino linacheza!

Sijamwambia mtu.

Jumanne, 5 Machi

Mazoezi. Kile chumba chetu nyuma ya karakana ya baiskeli, kuna joto na harufu ya mpira. Tuko wanne tu. Mimi. Mjukuu wangu kwenye piano. Mzee Kishindo kwenye ngoma, ambaye ananiita dada wakati yeye ndiye mkubwa, ila hataki ijulikane. Na Kimya kwenye ile besi kubwa ya kusimama. Kimya anaongea kama kila neno linatolewa kwa sindano.

Tukapiga ule wimbo wetu. Ule wenye mruko.

Niandike hili, maana siku moja kichwa kitachoka. Nikiwa msichana nilikuwa nashona vifungo kwa fundi cherehani mmoja. Alikuwa na gramafoni na santuri moja ya jazi. Moja tu! Ilipigwa mpaka ikachakaa. Ilikuwa na mkwaruzo, sindano ikifika pale inaruka: kutoka noti ya chini kabisa, hop, mpaka juu. Mimi nilijua nini? Nilidhani yule mpulizaji alikusudia. Nikaushika wimbo pamoja na mruko wake, nikaja kuutoa kwenye tarumbeta, nikavimba mdomo mpaka nikaupata. Miaka ikapita. Siku moja nikasikia santuri nzima ya wimbo ule ule, haina mkwaruzo. Haina mruko! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini bendi ilishazoea, na watu walishazoea, ndio huo wanaoungoja na vinywa wazi. Hata fundi mitambo ndio anaoutaka. Anasema hajausikia kwa mpigaji mwingine yeyote. Atausikia wapi? Nani mwingine alifundishwa na mkwaruzo?

Basi. Leo nimefika pale, nikabana kikombe ili niruke — maumivu mpaka kwenye jicho. Sikuruka. Nilibaki chini, nikazungukazunguka huko, nikamwachia mjukuu apige peke yake.

Mzee Kishindo akauliza, dada, leo umeogopa ngazi? Nikamwambia najaribu kitu kipya. Akatikisa kichwa kwa heshima! Hiyo ndiyo hatari ya jazi. Mtu anaweza kuwa anazama, na wenzake wakadhani anaogelea kwa mtindo.

Alhamisi, 7 Machi

Fizi imevimba. Natafuna upande mmoja.

Mjukuu ameniona. "Bibi, mbona unatafuna kama mbuzi?"

"Mbuzi ni babu yako."

"Babu yangu si mumeo?"

"Ndiyo maana nasema, namjua."

Akacheka, lakini jicho halikucheka. Huyu mtoto huwezi kumficha. Yeye ndiye aliyenifundisha herufi, akiwa darasa la kwanza, akicheza mwalimu. Wanasesere walikuwa hawamjibu, akanichukua mimi. Alinichapa na mwiko nilipokosea. Mpaka leo nikiandika "ng'" natazama nyuma.

Ijumaa, 8 Machi

Mjukuu amenivuta mkono mpaka kwa daktari wa meno. Nimekaa kwenye kile kiti kinacholala, taa usoni, nikashika suruali ya mjukuu wangu kama mtoto. Mimi! Mwanamke niliyewahi kumpiga mwizi kwa sanduku la tarumbeta.

Daktari ni binti mdogo, mikono baridi, sauti ya upole. Akaniita mama. Akasema chini ya jino kuna jipu, linakula mfupa. Ling'olewe, la sivyo na ya jirani yatafuata.

Nikamwambia subiri mpaka tarehe kumi na sita, nina kazi.

"Mama, jipu halina kalenda."

Nikamweleza habari ya tarumbeta. Akaacha vyuma vyake, akavuta kiti, akasikiliza yote. Akauliza kikombe kinakaa wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanyamaza kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli — daktari akinyamaza!

Jumatatu, 11 Machi

Limetoka.

Dogo! Kitu kidogo vile ndicho kilikuwa kimebeba kazi yangu yote.

Daktari amesema nisipulize kwa wiki mbili, kidonda kikauke. Mjukuu amempigia simu fundi mitambo akamweleza ukweli wote, bila kuniuliza. Fundi amesogeza siku mpaka tarehe sita Aprili. Amesema hamna neno, apone kwanza. Ningefurahi angekataa. Ningepata wa kumlaumu.

Jumamosi, 16 Machi

Leo ndiyo ingekuwa leo.

Nimetoa tarumbeta kwenye sanduku. Nikaweka mafuta kwenye vitufe. Nikaifuta. Nikairudisha. Nyumba kimya kama imehamwa. Jirani ameuliza kama tumesafiri.

Naogopa. Wacha niandike naogopa nini, labda hofu itapungua.

Siogopi kuzeeka, nimeshazeeka na sikufa. Siogopi pengo, nikicheka nafunika kwa mkono na nani atanioa sasa? Naogopa hivi: jazi si wimbo. Wimbo unaweza kupigwa na yeyote. Jazi ni nani anaupiga. Nikisikia santuri nazijua sauti zote za wapulizaji kabla ya kusoma jalada — na hata nilipokuwa sijui kusoma jalada. Huyu ana kikohozi ndani ya sauti. Yule anachelewa nyuma ya mdundo kidogo kama mtu asiyetaka kutoka kitandani. Kila mmoja ana mdomo wake, na mdomo ndio mtu. Wamekufa karibu wote na bado wakianza tu, unawajua.

Na mimi mdomo wangu umebomolewa kabla haujanaswa.

Haikupungua. Imeongezeka!

Jumatatu, 25 Machi

Wiki mbili zimeisha. Daktari ameangalia, amesema pamekauka vizuri, naweza kujaribu polepole.

Nimefua mashuka. Yalikuwa safi. Nimefua na mapazia.

Mjukuu amerudi kutoka kazini, akaona kamba ya nguo imejaa. Akaenda kwenye ile piano ya nyumbani akapiga ule wimbo, akafika kwenye mruko, akasimama. Akaacha nafasi yangu wazi. Anangoja!

Nikamwambia pazia la jikoni bado.

Jumatano, 27 Machi

Nimejaribu. Nikiwa peke yangu.

Ffff.

Hewa tupu. Kama bomba la maji siku yamekatika. Mdomo unaingia kwenye pengo, upepo unatoroka. Nimejaribu tena. Ffff. Tena. Nimekaa kwenye sakafu ya jikoni na tarumbeta mapajani, kama mtu aliyebeba mtoto ambaye hajibu.

Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 28 Machi

Mzee Kishindo amekuja. Hajaalikwa. Amekuja na ngoma moja ndogo na zile fimbo zake za nyuzi, zinazofagia badala ya kupiga. Mjukuu ndiye mchongezi, najua.

Akasema, dada, lete tarumbeta.

Nikasema sina meno.

Akafungua kinywa chake mbele yangu. Ufizi mtupu! Nimepiga naye miaka yote sikujua kwamba yale meno yake ni ya kuvaa.

"Lakini wewe unapiga kwa mikono," nikamwambia.

"Ndiyo. Ningekuwa napiga kwa meno ningeshakufa njaa."

Mzee mpumbavu. Nilicheka nikasahau kufunika. Akaanza kufagia ngoma yake, shaa, shaa, taratibu, kama mtu anayefagia chumba cha mgonjwa asimwamshe. Nikachukua tarumbeta. Nikasogeza kikombe pembeni mwa pengo, juu ya meno yaliyobaki. Kichwa kimepinda kama kuku anayesikiliza. Nikapuliza.

Ikatoka! Sauti mbaya. Nzito, imejaa pumzi, kama mtu anayeamka asubuhi na bado hajasema na mtu. Noti za chini tu. Lakini ilikuwa mimi. Nilijijua.

Nikajaribu mruko. Ikapasuka njiani. Nikajaribu tena, ikapasuka. Mara moja tu kitu fulani kilitoka huko juu, sijui ni noti au ni mlio wa panya.

Mzee Kishindo akasema hiyo hiyo, piga unachoweza. Rahisi kwake kusema. Si jina lake litakaloandikwa pale mbele ya jalada.

Jumanne, 2 Aprili

Daktari amenitengenezea jino la bandia! Limefungwa kwenye kibao cha plastiki kinachobana kwenye kaakaa. Nikilivaa nahisi nimemeza kifuniko cha sufuria. Nikasema "asante" nikamtemea mate usoni. Akasema utazoea, mama.

Nimefika nyumbani sikuvua hata viatu. Kikombe mdomoni, mahali pake pa zamani. Nikapuliza.

Safi! Safi kama glasi! Nikaenda moja kwa moja kwenye mruko — hop — nikafika. Bila maumivu. Bila kubana. Mjukuu alitoka bafuni na povu kichwani, akapiga makofi, akanikumbatia, nikawa na povu mimi pia. Nikalia. Naandika hapa kwamba nililia, nisije nikakataa baadaye.

Nimepona. Hofu imekwisha. Nakwenda kulala mchana kama malkia.

Alhamisi, 4 Aprili

Mungu wangu.

Mazoezi ya mwisho. Nilifika wa mwisho, makusudi, na jino langu jipya. Kimya alikuwa amegeukia ukuta, anakaza nyuzi za besi yake, sikio limelala kwenye mbao. Sikumsalimia, nilitaka kumshtukiza. Nikainua tarumbeta nikapiga ule wimbo toka mwanzo mpaka kwenye mruko. Umetoka wote. Hakuna hata ufa.

Kimya, bila kugeuka, akauliza:

"Nani huyo?"

Mzee Kishindo akashusha fimbo zake. Hata wale wa baiskeli nje nilisikia wameacha kugonga. Akageuka. Akaniona mimi. Na uso wake — huyu mtu ambaye hana uso, siku zote kama ukuta — uso wake ukasawijika.

Mjukuu akamkaripia, eti maneno yenyewe unayo machache halafu ndiyo hayo? Mzee Kishindo akaanza kuongea habari ya ngozi ya ngoma iliyolegea. Kimya akasema samahani, bibi. Nikamwambia hamna neno, mwanangu. Tukapiga. Tulipiga vizuri. Wote tulipiga vizuri kama watu waliokwenda kumsalimia mkwe.

Nani huyo.

Miaka yote amesimama kushoto kwangu. Ananijua hata nikipumua vibaya. Na hakunijua.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijala.

Nimemwambia mjukuu anirekodi kwa simu yake. Mara moja na jino, mara moja bila jino. Tukakaa jikoni tukasikiliza, simu imesimama kwenye kikombe.

Na jino: mpulizaji mzuri. Angeweza kupata kazi kwenye hoteli yoyote. Kila noti imepigwa pasi. Nikamsikiliza kama ninavyomsikiliza mgeni, nikamsifu moyoni, nikasubiri aniambie kitu. Hakuniambia kitu.

Bila jino: mimi. Mimi nina mafua, mimi nimepigwa, mimi nimezeeka ghafla. Lakini mimi. Na mruko umepasuka.

Mjukuu akasema bila kuzunguka — kanirithi mimi huyu. "Bibi, vaa jino. Ile nyingine inavuja."

"Hata mimi navuja."

"Sitanii. Hii ndiyo itakayobaki. Watu watasikia upepo."

"Watasikia nani, ukiwa na jino?"

"Watasikia mruko, Bibi. Huo ndio wanaoutaka. Ukiutafuta bila jino ukaukosa mbele ya mashine, wewe utakuwaje? Mimi nitakuwaje, nimekaa pale nikikuangalia?"

Akaanza kulia huku amekasirika, akakamata sahani akaiosha, sahani safi. Basi na yeye anafua mapazia! Nikamshika mgongo. Nikamwambia sawa, nitavaa jino, nyamaza mke mwenzangu, nitavaa.

Na nilimaanisha.

Naogopa kuvaa. Naogopa kutovaa. Hakuna upande ambao hofu haijakaa kitako.

Jumamosi, 6 Aprili

Niko studio. Naandika kwenye korido, kwenye benchi, karibu na mlango wa choo. Naandika haraka, samahani kwa herufi, mwalimu.

Ni chumba kidogo, kuta zimevishwa sponji, zulia mpaka mlangoni. Ukisema neno linafia mdomoni. Sijapenda. Fundi mitambo yuko nyuma ya kioo, mpole, ana tumbo, ana kikombe cha chai. Alituambia tunapiga wote kwa pamoja, chumba kimoja, hakuna kushona vipande baadaye. Kinachotoka ndicho. Nikamwambia sisi hatujui namna nyingine. Akacheka.

Tumepiga. Na jino. Taa nyekundu ikawaka, Mzee Kishindo akahesabu, tukaingia. Mruko umetoka safi. Mwisho tukanyamaza wote, pumzi zimezuiwa, mpaka sauti ya besi ikaisha yenyewe. Fundi akainua dole gumba nyuma ya kioo. Akasema kwenye spika kwamba tumeipata, ni nzuri, ataichukua hiyo. Mkitaka tupige mara nyingine moja tuchague, muda upo. Msipotaka, hii inatosha.

Mzee Kishindo alishaanza kufungua zile sahani za shaba za ngoma zake. Mjukuu akanitazama anatabasamu, jasho puani, ile sura ya mtu aliyevuka barabara salama. Nikatazama kushoto. Kimya bado amesimama. Mkono bado uko kwenye nyuzi. Ameangalia chini, lakini hakuifunika besi.

Nikasema nakwenda chooni.

Sikwenda chooni. Nimekaa hapa. Nimelivua jino, liko kwenye karatasi laini juu ya paja langu, limelowa. Dogo kama lile la kwanza. Ulimi unaingia pale penye pengo, unatoka, unaingia.

Nikirudi nyumbani sasa, nina rekodi nzuri. Safi. Mtu akiuliza huyu nani, ataonyeshwa jina langu. Nikirudi mle ndani bila hiki kitu, inaweza kupasuka mbele ya wote, na yule mtoto amekaa pale, ataona. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya kujifungua sikuogopa hivi, siku ile angalau kilichokuwa ndani hakikuwa na uchaguzi, kingetoka tu.

Mjukuu amekuja mlangoni. Ameuliza, Bibi, tunaondoka au tunapiga?

Nikasema, "Tunapiga."

Akaona karatasi. Akaona kilichomo. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama pale, mkono kwenye fremu ya mlango, kucha zimekuwa nyeupe. Halafu akarudi ndani. Nasikia anavuta kiti cha piano. Nasikia Mzee Kishindo analalamika, na sahani za shaba zinarudi kwenye vyuma vyake. Besi imepigwa noti moja tu, ya chini, ile ninayoanzia. Anairudia. Anairudia.

Mdomo umekauka. Nimeulamba.

Wananiita.

Wewe, ukirudi hapa, usianze na hofu, wala usiandike watu walisema nini. Andika kwanza kama ile noti ya juu ilitoka. Na kama haikutoka, andika nini kilitoka mahali pake.